Kizingiti

Batavia, Illinois, saa tisa za usiku.
Theluji imefika magotini pa uzio,
na wale nyati wa maabara
(ndiyo, maabara ina nyati, usiniulize kwa nini)
wamesimama wakifuka mvuke
kama sufuria zilizosahauliwa jikoni.
Ndani, mimi na Kowalczyk na bawabu wetu.

Bawabu hana miguu. Ni kipande cha silikoni
kisichozidi ukucha wa kidole gumba,
na kazi yake ni moja: kukataa.
Ng'ambo, katika handaki lililopita chini ya mashamba ya watu,
protoni zinagongana mara milioni arobaini kila sekunde
na kila mgongano unapiga hodi kwake.
Hana muda wa kuuliza nani, watoka wapi, habari za huko.
Kabla "ho" haijaifikia "di"
ameshaamua:
potea. Potea. Potea. Pita. Potea.

"Kwa hiyo mnalipwa kwa kutupa?"
Mama huyo, kwenye simu.
Ndiyo, mama.
"Na mnachotupa kinakwenda wapi?"
Nikasingizia mtandao.
Maana hakiendi. Hakuna jaa, hakuna kapu,
hakuna mlango wa nyuma wa kumkimbilia mtu
umwambie samahani, rudi, tulikosea.

Mwanzoni bawabu alikuwa msomi,
mzito, mwenye desimali ndefu.
Tukampogoa kama mchai wa Mufindi:
tawi hili halizai, kata;
namba hii inanong'ona tu, kata;
mpaka akabaki na biti sita na haraka.
Nilimfundisha Kowalczyk methali yetu ya haraka na baraka.
Akaiandika kwenye tepu, akaibandika juu ya mashine,
kisha kwa kalamu nyekundu akafuta "haina".

Ajabu hatukumfundisha.
Nani angemfundisha, nasi hatuijui sura?
Tulimlisha mazoea mchana na usiku,
mazoea juu ya mazoea,
akayakariri kama mtoto wa chuoni mbele ya bakora,
tukamwambia: usiyemjua ndiye mgeni.
Mfungulie.

Mwezi uliopita alifungua.
Saa kumi na dakika nane alfajiri
mstari ukapanda kiooni, ukakataa kushuka.
Kumi na saba. Themanini. Mia mbili na tatu.
Kowalczyk akaweka mkate wake juu ya kibodi.
Nisikufiche, nilishaanza kutunga jina.
Kulipokucha ikaja barua kutoka ng'ambo, sentensi mbili:
Waya umelegea safu ya tano. Umekazwa.

Kumbe mgeni alikuwa skrubu.
Kowalczyk alicheka hadi akakohoa.
Mimi nilikwenda nikanawa uso mara tatu,
na maji ya Januari hayabembelezi mtu.
Bawabu lakini hakukosea, hilo ndilo linaloniuma:
waya uliolegea hakuwahi kuuona.
Alimfungulia asiyemjua, kama tulivyomwagiza.

Ninachoogopa si skrubu.
Ni ile moja ya Jumanne, kama ilikuwepo,
iliyofika kwa adabu, imevaa kama wenzake,
ikasimama pembeni kidogo tu ya mazoea,
ikaambiwa potea,
nami labda nilikuwa natafuta glavu yangu ya kushoto.

Basi nimeomba ruhusa, nikapewa kwa shingo upande.
Nimeshusha kizingiti. Kiasi cha unywele.
Takataka zitaongezeka, watu wa hifadhi watanung'unika.
Mama akipiga nitamwambia bado tunatupa,
ila leo tunatupa pungufu kidogo.

Kowalczyk anauliza kama nataka kahawa.
"Subiri," nasema, wala sijui nasubiri nini,
na kwa muda ambao neno hilo limechukua
kutoka mdomoni
milioni ishirini wameshapiga hodi.